Nilifuga mbawakawa wa jangwani ndani ya ghala la mpunga Ifakara: mnaotaka kuanza, someni hapa kwanza

Wakuu, nawasalimia wote, mlio kwenye jua na mlio kwenye tope.

Juzi nimekuta humu uzi wa jamaa wa Dar anauliza wapi atapata mbawakawa wa jangwani awafuge sebuleni, kwenye boksi la kioo, pembeni ya tivii.

Nikashuka kwenye komenti nikitegemea kuna mwenye akili atamshauri afuge kuku. Wapi! Kila mtu "mkuu hao ni low maintenance", "mkuu hao hawana kelele", "mkuu na mimi nitafutie wawili".

Nilicheka kwa sauti mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nilipomsomea, yeye hakucheka. Mbele mtaelewa kwa nini.

Ninayoandika yamenipata mimi. Majina nimebadilisha kwa sababu mji wetu ni mdogo, ila pale nilipofanya ujinga nimeuacha kama ulivyokuwa. Atakayeona natunga, aendelee na shughuli zake, hatutagombana.

Haya, tuanze.

Naishi Ifakara. Mama yangu, ambaye watu wanamwita Mama Remi kwa jina langu, ana ghala la mpunga nyuma ya mashine za kukoboa. Msifikirie ghala la kampuni. Ni banda la matofali, bati juu, sakafu imenyanyuliwa, ndani kuna chaga za mbao na magunia yamepangwa juu yake.

Watu wa bonde mnalijua hili, wa mbali niwaeleze. Mkulima akishavuna, si kila mmoja ana pa kuweka. Mwingine nyumba yake inaingia maji. Mwingine analala na mbuzi ndani. Mwingine ana ndugu wadokozi. Basi analeta magunia yake kwa Mama, anayaandika jina kwa rangi, anaondoka. Chakula chake cha mwaka kiko pale. Mbegu ya msimu ujao iko pale.

Hakuna karatasi wala muhuri. Kuna jina la Mama tu.

Na Mama ana utaratibu mmoja ambao nimeuona tangu nasoma shule ya msingi. Akiona fukusi kwenye gunia la mtu, hata mmoja, anamwita mwenyewe siku hiyo hiyo. Hangoji aulizwe. Anafungua gunia mbele ya mwenyewe, anamwonyesha mdudu, wanaanika pamoja. Nilishamuona anatembea na jua la saa saba mpaka ng'ambo ya mji kumtafuta mtu kwa ajili ya fukusi wawili.

Miaka miwili iliyopita magoti yalimkatalia, funguo akanikabidhi mimi.

Sasa muingize binamu.

Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, anaitwa Protas, makazi yake Mlimba. Ni utingo wa malori yanayokwenda Zambia na kuendelea huko. Protas hajawahi kurudi safari na kitu cha maana tangu nimjue. Mwaka mmoja alituletea koti la baridi kali, la manyoya, Kilombero hii hii tunayoijua.

Safari hii ninayosimulia alishuka kwenye treni amekumbatia ndoo ya plastiki yenye mchanga. Ndani kulikuwa na wadudu kumi na wawili, weusi, wagumu, miguu mirefu, ukubwa wa kifungo cha lile koti lake. Alipewa na dereva mmoja aliyekuwa ametoka nao Namibia, jangwani kabisa, ambako ukungu wa baharini ndiyo mvua yao.

"Kaka, wazungu wanawafuga hawa," akaniambia. "Hawanywi, hawali sana, hawanuki. Wakichoka wanajichimbia tu huko, usiwahangaikie."

Na mimi, mtu mzima, nina mke, nina funguo za ghala, nikaona nimepata kitu cha kunitofautisha na watu.

Huo ndio ukweli wa kufuga mbawakawa, wakuu. Msidanganyane na habari za kupenda viumbe. Mbawakawa hakujui. Ukirudi nyumbani haji mlangoni. Ukimpa jina, jina ni lako mwenyewe, yeye anaendelea kupanda ukuta wa ndoo na kudondoka, kupanda na kudondoka, hadi jioni. Unamfuga ili mgeni akiingia aulize "hiki ni nini?" uanze kuhutubia.

Nilihutubia sana. Kuna mmoja nilimwita Jenerali. Naandika hii na aibu inanipanda upya.

Nikajiunga na grupu la wafugaji mtandaoni. Kule mchanga hauitwi mchanga, unaitwa substrate. Ndoo inaitwa enclosure. Mtu mzima anaandika aya nne akilalamika kwamba mdudu wake leo hana furaha. Niliuliza kwa adabu amejuaje, admin akanionya. Baada ya wiki mbili na mimi nilikuwa naandika aya nne.

Basi, ikafika mwisho wa Novemba, mvua za kwanza zikaanza.

Mnaoishi huku mnajua nyumba zetu mvua zikianza. Chumvi inageuka maji, shati la kabatini linaota ukungu. Halafu ongeza na tabia yetu watu wa bonde: hatuwezi kuona kitu kikavu tukakiacha kikavu. Mgeni akiingia, maji. Kifaranga kikilegea, maji. Vumbi likitimka, maji.

Shangazi yangu alikuja kutusalimia, akachungulia ndoo, akasikitika kabisa. "Maskini, viumbe vya Mungu, mbona mmewakausha hivi?" Akachota kikombe mtungini, akawamiminia.

Zawadi, mke wangu, alimuona na hakumzuia. Baadaye nikajua ni kwa sababu hata yeye alikuwa anawanyunyizia kila asubuhi akimwagilia mchicha. Na mimi nisijitoe, nilikuwa nawawekea kitambaa kibichi, kwa siri, kwa sababu moyo ulikuwa unakataa kwamba kuna kiumbe hakinywi maji.

Wadudu wa jangwani, watu watatu tunawanywesha kwa zamu bila kuambiana! Ujinga wa namna hiyo huwezi kuukuta Dodoma. Ni sisi tu.

Watatu wakafa, miguu juu. Wakabaki tisa.

Nikaenda kulia kwenye grupu. Jibu likawa moja: watafutie mahali pakavu, pa joto, pasipo na unyevu.

Wakuu, Ifakara mvua zikishaanza, mahali pakavu pa joto pasipo na unyevu ni pamoja tu, ghalani, na funguo zake zilikuwa mfukoni mwangu.

Nikatafuta boksi la plastiki la kuwekea nguo, lenye mfuniko. Nikamimina mchanga, nikaweka vipande viwili vya trei ya mayai wajifiche humo, nikawahamisha wote tisa. Boksi nikalipeleka ghalani, pembeni kabisa, nyuma ya magunia mawili ya Mama Kulwa.

Huyu Mama Kulwa lazima nimweleze vizuri.

Ni mama wa Kisukuma, familia yao walihamia bondeni na ng'ombe miaka ya nyuma, anakaa kijiji cha upande wa Mngeta. Mrefu, mpole, maneno yake machache. Yale magunia yake mawili hayakuwa chakula, yalikuwa mbegu. Na si mbegu ya dukani. Kila mavuno, kabla wavunaji hawajaingia, yule mama anapita kwenye majaruba yake akichagua suke moja moja kwa mkono. Ameanza kufanya hivyo kabla mimi sijaoa. Wali wa mpunga wake ukipikwa, nyumba ya tatu wanajua.

Mbegu hiyo ikipotea, hakuna duka utaikuta. Inabidi aanze kuchagua upya, miaka na miaka.

Nilijua yote hayo wakati naliweka boksi. Nilijua pia Mama angesema nini. Ndiyo maana sikumwambia.

Kule ghalani wadudu wakachangamka. Nawapa pumba kidogo, kipande cha karoti, basi. Halafu dume akawa anainua tumbo na kugonga chini ya boksi, tok tok tok, anaita jike. Mchana bati limepata moto, mimi nimekaa juu ya gunia la mtu nasikiliza mdudu anatongoza. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu.

Siku moja mteja alikuja kuchukua gunia lake, akatega sikio. "Remi, nini kinagonga humu?"

Nikamwambia ni bati linatanuka kwa joto.

Uongo ule ulinitoka laini, hata kikohozi hakikunishika.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe.

Nikarekodi video. Jenerali anatembea, wenzake wanamfuata, mwanga wa dirishani unawapiga vizuri. Nikaandika "Wamezoea makazi mapya". Nikaitupa kwenye grupu la wafugaji, wakaisifia sana. Sifa zikanipanda kichwani, nikaiweka na kwenye status ya WhatsApp.

Nyuma ya Jenerali, mkuu, kulikuwa na gunia. Kwenye gunia kulikuwa na rangi nyekundu, herufi kubwa: MAMA KULWA MBEGU.

Mtu akaichukua ile video akaitupa kwenye grupu la wakulima. Akaandika maneno mafupi tu: "Ghala la Mama Remi hilo. Wahini mpunga wenu."

Kesho yake asubuhi nafika na funguo, watu wamejaa. Baiskeli, bajaji, guta mbili. Hakuna aliyenisalimia. Ifakara watu wakikosa kukusalimia asubuhi, ujue kesi imeshasikilizwa na wewe hukuwepo.

Kuna mzee mmoja, mvuvi, anahifadhi gunia tatu za chakula. Nikampa shikamoo, akaipokea kwa kichwa. Akaniuliza taratibu.

"Unafuga?"

"Ndiyo, mzee."

"Wadudu?"

"Ndiyo, ila hawa si fukusi, mzee, hawa ni wa jangwani, ni pet."

"Ghalani?"

Hebu jaribuni nyie wa low maintenance kumjibu yule mzee.

Nikaomba dakika moja, nikaingia ndani peke yangu kuangalia boksi. Mfuniko ulikuwa umekaa upande. Niliuacha hivyo mwenyewe, siku ya video. Nikahesabu. Nane. Nikakoroga mchanga wote kwa vidole mpaka kona. Nane.

Jasho lililonitoka pale si la joto la bati.

Natoka nje, Mama Kulwa anashuka kwenye bajaji. Safari yote ile kutoka kijijini, na hakuonekana hata kuwa na hasira. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Akanivuta pembeni, lakini watu wote walikuwa wanasikia.

"Mwanangu, walikuwa wangapi?"

"Tisa, mama."

"Na sasa hivi wako wangapi?"

Wakuu, nilikuwa na sekunde nzima ya kufikiri. Nikamtazama usoni nikasema, "Tisa. Wote wapo."

Akatikisa kichwa polepole kukubali. Alikuwa ameniamini, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Nyuma ya watu nikasikia sauti. "Lilete hilo boksi hapa."

Mama. Zawadi alikuwa amempakia kwenye baiskeli akaisukuma kwa miguu kutoka nyumbani, kwa sababu kwa yale magoti asingefika. Sijui alikuwa amefika muda gani. Nikalileta.

Mama akainama, akahesabu kwa kidole, kwa sauti, kama anavyohesabu magunia. Alipofika nane akasimama. Akarudia. Nane.

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aligeuka akawaambia watu, "Ndugu zangu, mlitakiwa mlisikie hili kwangu kabla ya kuliona kwenye simu. Sikulijua, lakini ghala ni langu. Magunia yote yanafunguliwa leo, mbele yenu."

Kisha akamgeukia Mama Kulwa. "Nisamehe, dada."

Mama yangu anaomba msamaha kwa kosa ambalo mimi nimesimama nalo pale na mdomo umefungwa!

Kwa asiyejua maana ya kufungua magunia yote ya ghala kwa siku moja: unatandaza maturubai nje, unamwaga gunia, unasambaza kwa mikono na miguu, mwenye gunia anakagua, unapepeta kwa ungo panapotia shaka, unarudisha, unashona mdomo wa gunia, unabeba ndani, unaanza lingine. Yalikuwa zaidi ya sabini. Na ilikuwa Desemba, wingu limeshaanza kujikusanya juu ya milima ya Udzungwa.

Watu waliokuja kuchukua mizigo yao wakajikuta wanabeba ya wenzao. Yule mzee mvuvi alishika ungo. Zawadi alishona magunia mpaka kidole kikatoa damu. Mimi nilikuwa nabeba tu, hakuna aliyenipa kazi ya kutumia macho.

Tulipita gunia baada ya gunia. Hakuna mdudu mweusi. Hakuna hata fukusi, kwa sababu Mama alikuwa amelilea ghala lile vizuri, kabla yangu.

Ya Mama Kulwa yakabaki mwisho. Mama alisema hayo ndiyo yalikuwa karibu na boksi, yapepetwe yote, punje kwa punje. Tukayamwaga kwenye turubai mbili. Tukawa tumefika katikati upepo ukabadilika.

Mvua ya bondeni haikuombi radhi. Watu wakakimbilia turubai, kila mtu kona. Moja tukaiokoa, tukaikunja na kuiburuta mpaka mlangoni. Ya pili mimi na Mama Kulwa tulishika kona mbili, kona nyingine hazikuwa na mtu. Maji yakaijaza mikononi mwetu tukiangalia.

Mvua ilipopungua yule mama alichuchumaa, akachota mbegu iliyolowa, akaifumbata, akaifumbua. Suke moja moja, miaka yote ile, imekaa kiganjani inachuruzika.

Akasema kitu kimoja tu. "Imeshakunywa. Haitangoja."

Mkulima wa mpunga anajua maana yake. Mbegu ikishalowa namna ile, siku mbili tatu inachipua. Uirudishe kwenye gunia inapata joto inaoza. Kuianika, jua halikuwepo, na halikuonekana kwa siku tatu zilizofuata. Dawa ni moja, kuisia kwenye kitalu mara moja. Na kitalu chake kilikuwa hakijalimwa, watoto wake wako mbali wanachunga ng'ombe, alipanga kuanza wiki mbili mbele.

Akanionyesha bajaji. "Bhebhe," akaniita kwa Kisukuma, yaani wewe, "panda."

Nilikwenda. Siku mbili nimelima kitalu cha Mama Kulwa kwa jembe la mkono, tope limenifika magotini, ruba wananipanda miguuni. Grupu langu la wafugaji lingeniuliza humidity ikoje. Yeye hakunitukana, hakunisema kwa majirani. Alikuwa ananionyesha tu, hapa sawazisha, hapa toa maji, na chakula ananipa kama mtoto wake. Jioni ya siku ya pili tukasia ile mbegu. Iliyotosha kitalu ikaingia. Iliyobaki, karibu nusu, ilikuwa imeshaanza kunuka.

Mwaka huo kwenye jaruba lake la nne alipanda mbegu ya kuomba kwa jirani.

Niliporudi Ifakara funguo zilikuwa zimeshapewa Zawadi. Nikakuta fagio limeegemezwa mlangoni pa ghala, sikuhitaji kuambiwa ni la nani. Protas akaja kuchukua wadudu wake wanane kwenye ndoo ile ile, nikamwambia akiwaachia porini bondeni nitamtaja kwa bwana shamba. Sijui aliwapeleka wapi na sitauliza.

Kumbe bwana shamba mwenyewe tulikutana naye baadaye akatuambia wale wa jangwani hawatoboi mpunga, wanataka mchanga wao na vitu vilivyokauka. Asante sana. Angepita asubuhi ile angeokoa mbegu.

Sasa hapa ndipo nataka muwe makini.

Boksi tupu lilikaa nyuma ya nyumba, chini ya upenu, na mchanga wake, kama wiki mbili na nusu. Siku moja Zawadi akataka zile trei za mayai awashie moto. Vipande viwili vilikuwa vimegandana kwa unyevu. Akavibandua.

Katikati yake akatoka mbawakawa. Mzima. Akatembea kwenye kiganja cha mke wangu kama mtu aliyeamka mchana akaanza kutafuta chai.

Wa tisa.

Hakuwahi kutoka kwenye boksi. Siku ile wote tunamwaga magunia, alikuwa ndani ya trei, amejibana. Mimi nilikoroga mchanga, trei nikaziinua tu na kuzirudisha.

Mnajua nilichofanya? Nilifurahi! Nilimtia kwenye kikombe nikakimbia nacho kwa Mama, ghalani, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pale mlangoni. "Mama! Ona! Huyu wa tisa! Alikuwemo muda wote! Nilisema wako tisa, na kweli walikuwa tisa!"

Nilikuwa naona nimesafishwa. Nilishaanza kupanga namna ya kuliandika kwenye grupu la wakulima, na video ya ushahidi. Hata Protas nilishampigia njiani, akasema, "Si unaona, kaka? Hukudanganya!"

Mama alichungulia kikombe. Halafu akanitazama mimi.

"Siku ile unamwambia mwenzangu wako tisa, wewe ulikuwa unajua wako wangapi?"

"Nane," nikasema.

Akarudisha macho barabarani. "Haya. Nenda kamwambie na hilo."

Nilikwenda tena mpaka kijijini, nikamkuta ameinama kitaluni, miche imeshatoka, ya kijani. Nikamweleza yote, la mdudu na la nane. La mdudu alicheka mpaka akajishika kiuno. La nane hakucheka. Alisema amesikia, akarudi kwenye miche yake.

Basi, somo.

Wale mnaosema mbawakawa ni low maintenance, sawa, mdudu mwenyewe hana gharama. Alikaa ndani ya trei wiki mbili na nusu bila pumba, bila karoti, bila video, akatoka mzima. Hakunihitaji hata siku moja. Mimi ndiye niliyemhitaji yeye, ili nionekane mtu, na kwa ajili hiyo nikachukua jina la Mama nikaliweka chini ya boksi la mchanga.

Kama una kitu cha watu mikononi mwako na umeingiza kitu chako humo, waambie wenyewe leo. Usingoje kuulizwa. Ukishaulizwa, jibu lolote utakalotoa linakuwa limechelewa, hata likitokea kuwa la kweli.

Na wewe jamaa wa Dar mwenye kioo na tivii, fuga kuku.

Mpunga mpya umeanza kuingia ghalani wiki hii. Watu wengi wamerudi, si wote. Jana kaja Mama Kulwa na magunia yake, mbegu ikiwemo, pungufu ya mwaka jana. Alimsalimia Mama, wakacheka. Akamkabidhi Zawadi, akamwonyesha pa kuyaweka. Alipofika kwangu nikampa shikamoo, akaitikia vizuri kabisa.

Halafu akaniuliza, mbele ya watu, "Remi, humu ndani kuna nini?"

Nikamjibu, "Kuna panya mmoja, mama. Nimemuona asubuhi, nimeshamwambia Zawadi."

Akanitazama, akachukua fagio lililokuwa limeegemea ukutani, akanipa mkononi.

Haya, mwenye swali aulize, mwenye kutukana atukane, na aliyewahi kuchafua jina la mzazi wake kwa ujinga wa aina hii aje atuambie aliliosha vipi. Nitajibu wote, ila mchana. Asubuhi nafagia.